Simu pekee haimfundishi mwanafunzi

Mzazi mwenzangu, vyuo vikuu vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mpwa wangu alirudi kijijini akaendelea na masomo kwa simu. Dada yangu alilazimika kuuza kuku ili amnunulie bando.

Mhadhiri mmoja alikuwa akiwasomea wanafunzi daftari lake kwenye video, saa mbili mfululizo. Bando liliisha kabla ya somo, na jasho la dada yangu likapotea bure. Mwingine aliwatumia maelezo ya dakika kumi aliyoyarekodi kwa sauti, pamoja na swali moja gumu. Kila mwanafunzi alijibu, wakabishana, kisha mwalimu akafafanua palipowatatiza. Somo hilo halikula bando nyingi, na mpwa wangu angali analikumbuka hadi leo.

Mbinu hiyo si ngeni. Mwaka 1991, Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alianza kukatiza mihadhara yake kwa maswali. Wanafunzi huchagua jibu, hujadiliana na jirani, kisha huchagua tena. Mtambo waweza kuhesabu majibu hayo, lakini hata kuinua mkono kwatosha.

Kwa hivyo, chuo kinapojigamba kwa kompyuta mpya, sisi tulipao karo tuulize: je, mwanafunzi anapewa nafasi ya kufikiri na kujibu? Kama hapewi, basi tunauziwa somo lile lile la zamani kwa bei ghali zaidi.