Kitenzi Kwanza, Kamusi Baadaye

Tulioingia kidato cha kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya 1995 ilitaka sekondari ifundishwe kwa Kiingereza, basi baiolojia, jiografia na historia zote zikatubadilikia kwa mkupuo. Tegemeo letu likawa kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyotoka 1996. Ilizunguka dawati kwa dawati hadi jalada likabanduka.

Tulitafuta neno mojamoja, tukaandika maana yake kwa penseli juu ya mstari, kisha tukabaki tunatazamana. Chukua sentensi kama hii: "The food made by the leaves moves to the roots." Maneno yote tuliyajua. Wengi walielewa kuwa chakula ndicho kilichotengeneza kitu, na walipofika kwenye "moves" wakakwama: mbona vitenzi viwili?

Kidato cha pili tukapata mwalimu mwingine wa Kiingereza. Huyo alituamuru tufunge kamusi kwanza. "Jamani, kitenzi kikuu kiko wapi? Nani kafanya?" Ukutani kulikuwa na kibao cha kukataza Kiswahili, lakini yeye aliandika ubaoni: "Chakula kinachotengenezwa na majani huenda mizizini." Akaipigia mstari "-cho-". Hiyo, alisema, inakutahadharisha kwamba chakula bado kinaelezwa, kitenzi kikuu kinakuja. Kiingereza huweza kuiacha alama kama hiyo, msomaji akairudishia mwenyewe kichwani: chakula *ambacho* kimetengenezwa.

Halafu akatufundisha mirundo ya nomino. "Water pollution control" tuianzie mwisho: udhibiti wa uchafuzi wa maji. Kiswahili hulazimika kutaja kila "wa". Kiingereza hukuachia uzipange nomino mwenyewe.

Kufikia kidato cha tatu kamusi ilikuwa ikifunguliwa kwa neno geni tu, si kwa sentensi nzima. Hata leo, nikipewa mkataba wa Kiingereza wenye sentensi ya mistari sita, natafuta kitenzi kikuu kwanza, kisha mtendaji, ndipo mengine.

Sera ya 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ya kufundishia katika ngazi zote, ingawa Kiingereza bado kimeshika sekondari. Walimu wa kidato cha kwanza, msisubiri waraka. Mwanafunzi anakuja na sarufi kamili ya Kiswahili kichwani. Mruhusuni aitumie kuchambua Kiingereza.