Farasi, karatasi na pesa ya Burundi: familia moja ya Fizi inapanga matembezi Kentucky

Lexington ni mji wa jimbo la Kentucky, Marekani. Wakongomani wengi waliofika na mpango wa wakimbizi wanaishi hapo, na Kiswahili kinasikika dukani, kanisani na kwenye basi za shule. Ni mji wa farasi pia. Ukitoka nje kidogo, unakutana na mashamba makubwa ya majani yenye uzio wa mbao, farasi wako ndani wanakula. Wengi wa kwetu wanapita hapo kila asubuhi wakienda kazini. Lakini kupanda farasi, hilo ni wachache waliowahi kuliwaza.

Familia moja imeanza kuliwaza. Baba alizaliwa katika milima ya Fizi, Kivu Kusini, akachunga ng'ombe tangu utoto. Vita ilimsukuma na mkewe hadi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, na watoto wao watatu wamezaliwa huko. Binti mkubwa anatimiza miaka 15 mwezi wa kumi. Ameomba kitu kimoja: kupanda farasi katika parki ya jimbo siku ya posho, pamoja na wazazi wake.

Neno la kwanza lililoleta shida ni hilo la parki. Tate, mama mzazi wa baba, aliposikia alishika kichwa. Kwake parki ni kama Virunga: pori la wanyama wakali, walinzi wenye bunduki, na watu wenye silaha wanaojificha. Mtu mwenye akili haendi humo na watoto. Mjukuu alichukua muda kumueleza kwamba hapa parki ya jimbo ni msitu wa kutembelea, una njia zilizochorwa alama, meza za kulia chakula na vyoo. Tena Kentucky haitozi pesa ya kuingia katika parki zake. Tate alisikiliza, kisha akauliza: "Na jioni munatoka wote?" Akajibiwa ndiyo, wote.

Swali la pili ni la farasi mwenyewe. Huko Fizi farasi hawaonekani. Sababu moja katika sehemu nyingi za Afrika yetu ni mbung'o, inzi anayeleta nagana, ugonjwa unaoua farasi. Ndiyo maana mdogo wake binti alisema farasi ni mambo ya wazungu. Dada yake alikuwa na jibu, alilisoma shuleni. Katika mashindano ya kwanza ya Kentucky Derby, mwaka 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa watu weusi, na mshindi, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Isaac Murphy, mtu mweusi wa Kentucky, alishinda Derby mara tatu: 1884, 1890 na 1891. Kaburi lake liko hapo hapo Lexington, ndani ya Kentucky Horse Park. Kijana alinyamaza.

Baba hakuwa na hofu ya mnyama. Aliuliza maswali ya mchungaji, na majibu yalimpendeza. Farasi anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, kwa hiyo usimjie kwa nyuma bila kusema, anaweza kupiga teke. Unapanda kutoka upande wake wa kushoto. Kisigino kinakaa chini, macho yanatazama mbele. Farasi ni mnyama wa kundi: kwenye njia ya msitu wanafuatana mstari mmoja nyuma ya kiongozi. "Kama ng'ombe," baba alisema. "Ukimjua wa mbele, umewajua wote."

Kuna parki ambazo mtu analeta farasi wake mwenyewe, kama ile ya Taylorsville Lake, ambayo ina njia za farasi. Nyingine zina zizi linalokodisha farasi pamoja na kiongozi. Familia isiyo na farasi inatafuta hizo za pili. Inapiga simu mapema, inataja umri na uzito wa kila mpandaji, maana farasi anachaguliwa kwa uzito, kisha inauliza kama mvua ikinyesha njia inafungwa.

Hapo ndipo karatasi ilipofika. Kabla ya kupanda, kila mtu anasaini kwamba anajua hatari, na mtoto anasainiwa na mzazi. Kentucky ina sheria inayosema wanyama wa shamba wana hatari zao za asili, na mwenye zizi anapaswa kuwaonya watu. Mama alikataa kalamu. Amesaini karatasi nyingi katika maisha yake ya ukimbizi, nyingi bila kuelewa, na safari hii hakutaka mwanawe amtafsirie. Mtoto anaweza kuruka neno linaloumiza, hasa akitaka sana jambo lenyewe. Mtu mzima wa kanisani, anayefanya kazi ya ukalimani, alimsomea yote, mstari kwa mstari. Mama aliuliza mara mbili kuhusu kofia ngumu. Kisha akasaini.

Zilibaki pesa, na hapo ndipo palipokuwa pazito. Mdogo wake mama alivuka Ruzizi mwezi wa pili 2025, akalala kwanza kwenye kiwanja cha mpira cha Rugombo, Burundi, na watoto wanne. Kila mwezi anasubiri ujumbe wa simu kutoka Lexington. Watu watano kukaa juu ya farasi kwa saa moja ni pesa ya chakula cha huko kwa wiki nyingi. Mama alisema hivyo mbele ya wote. Binti alilia, lakini hakubisha.

Baba aligawa jambo kama mtu anayegawa maziwa. Binti na baba watapanda. Mama, Tate na wadogo wawili watatembea kwa miguu kwenye njia fupi, bure, na chakula kitatoka nyumbani: ugali, sombe na samaki. Pesa iliyobaki inaenda Burundi kwanza, kabla ya siku ya posho, na si baada yake.

Sasa maandalizi yamepangwa. Suruali ndefu, viatu vilivyofungwa vyenye kisigino kidogo, maji kwa kila mtu. Jioni kila mtu atakaguliwa kupe. Kazi hiyo baba anaijua bila kufundishwa. Mama atabeba simu iliyojaa moto, kwa sababu dada yake, alipopata pesa yake, alijibu kwa sauti: anataka kuona picha ya binti juu ya farasi, na picha ya Tate ndani ya parki.