Kufundisha "To" na "-ing" kwa Mtoto Aliyezoea "Ku-"

Katika somo la Kiingereza yako makosa ambayo mwalimu huyasahihisha kila wiki bila kuyapunguza. Mojawapo ni lile la mwanafunzi anayeandika "I enjoy to play" au "I finished to write". Kalamu nyekundu hupita, umbo sahihi huandikwa juu ya mstari, na wiki ifuatayo kosa hurejea pale pale. Nimelikuta katika shule nyingi ninazozizungukia wakati wanachuo wetu wako kwenye mazoezi ya kufundisha, zikiwamo shule za Ubaruku, wilayani Mbarali. Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha kosa hilo, kisha kuonyesha njia ambazo mwanachuo anaweza kuzifuata darasani.

Chanzo chake si uvivu wala uzito wa akili. Kiswahili kina umbo moja, yaani kitenzi jina chenye "ku-", nalo hufanya kazi mbili. Tukisema "nataka kulima", neno "kulima" hufuata kitenzi na kukikamilisha. Tukisema "kulima kwao kumeleta faida", neno lile lile limekuwa jina kamili, lenye ngeli na upatanisho wake. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1944, alilipa umbo hili nafasi yake miongoni mwa ngeli za majina. Hata Mnyakyusa asemapo "ukulima" hufuata desturi hiyo hiyo ya lugha za Kibantu. Mtoto wa Ubaruku, basi, huingia darasani akiwa na kanuni moja aliyoinyonya nyumbani. Akiambiwa kwamba "to" maana yake ni "ku-", huipachika kila mahali, hata akaandika "I can to swim". Kwa mantiki ya lugha yake hajakosea hata kidogo.

Kiingereza kimeigawa kazi hiyo mafungu mawili. Kiishio "-ing" tunachokizungumzia kimetokana na kiambishi cha kale cha kuundia majina. Neno "to", kwa upande wake, asili yake ni kuonyesha mwelekeo, kama katika "to the river". Mwalimu akiijua asili hiyo, ana jambo la kumwambia mtoto: "to" hutazama mbele, kwenye tendo ambalo bado, "-ing" hulitaja tendo kama kitu kilichopo au kilichokwisha kuwapo. Ndiyo maana "want", "hope", "decide" na "promise" hufuatwa na "to", na "enjoy" na "finish" hufuatwa na "-ing". Mtu hawezi kumaliza kazi ambayo hajaianza.

Hata hivyo huu ni mwongozo tu. Kitenzi "suggest" hutazama mbele, na bado hudai "-ing". Kitenzi "manage" hutaja jambo lililotimia, na bado hudai "to". Mwanachuo asiliahidi darasa sheria isiyovunjika, maana itakapovunjika watoto watamshuku katika mengine pia.

Viko vitenzi vinavyokubali maumbo yote mawili bila kubadili maana sana, kama "begin" na "start". Hivyo visitupotezee muda. Vinavyodai uangalifu ni "stop", "remember", "forget" na "try", kwa sababu hapo umbo likibadilika, maana nayo hubadilika.

Katika shule moja ya Ubaruku nilikaa nyuma ya darasa la sita nikimsikiliza mwanachuo akifundisha utungaji. Msichana mmoja alikuwa ameandika, "My father stopped to drink pombe." Mwanachuo akaitia alama ya vema, kwa kuwa kisarufi sentensi haina ila. Baada ya kipindi nilimwomba akamwulize mtoto, kwa Kiswahili, alitaka kusema nini. Alisita kwanza, kwani alikuwa amezoea kusikia kwamba katika kipindi cha Kiingereza Kiswahili ni mwiko. Mtoto akajibu: "Baba ameacha pombe." Habari njema kuliko zote za nyumba ile ilikuwa imegeuzwa ikawa habari ya mzee aliyesimama njiani ili anywe, na mwalimu akaigongea vema.

Kesho yake mwanachuo yule hakumtaja baba wa mtu. Alichora ubaoni mkulima na jembe lake, akaandika "He stopped to drink water", na chini yake "He stopped drinking water". Akawauliza watoto zisemwe vipi kwa Kiswahili. Ya kwanza wakasema "alisimama ili anywe maji". Ya pili, "aliacha kunywa maji". Hapo wakaona wenyewe kwamba tofauti ile tunayo: sisi tunaibeba kwa vitenzi viwili, simama na acha; Mwingereza huibeba kwa maumbo mawili. Vivyo hivyo "I remembered to close the gate" ni "nilikumbuka kufunga lango", na "I remember closing the gate" ni "nakumbuka nilifunga lango". Yule msichana akaichukua kalamu, akaisahihisha sentensi yake bila kuambiwa.

Kwa hiyo namshauri mwanachuo mambo manne. Kwanza, asifundishe kitenzi peke yake. Kiandikwe ubaoni pamoja na mwenzake: "want to", "enjoy -ing". A. S. Hornby aliijengea njia hiyo kamusi yake iliyochapwa Tokyo mwaka 1942, akionyesha kila kitenzi na muundo unaokifuata. Pili, afundishe vitenzi vichache kwa kipindi, vitatu au vinne, wala asimwage orodha. Tatu, mifano itoke katika maisha ya watoto. Ubaruku ni nchi ya mpunga: "We finished ploughing", "We want to plant", "We enjoy singing in the field". Kadi za makasha ya karatasi zatosha kuwa zana. Mtoto mmoja ashike kitenzi, wenzake wawili washike maumbo, darasa liamue nani asimame na nani. Nne, kabla ya kutia vema au kosa, amwulize mtoto alitaka kusema nini, hata ikibidi kwa Kiswahili, kisha arudi kwenye Kiingereza.

Hilo la nne ndilo zito. Kusahihisha sarufi ni nusu ya kazi ya mwalimu wa lugha. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba alichokusudia mtoto ndicho kilichoandikwa.