Kalamu Nane na Mipaka ya Nakuru

Plota yetu ilikuwa mashine ya HP ya kuchora kwa kalamu 8, inayopokea karatasi ya ukubwa wa A1, na ilifika Nakuru ikiwa imekwisha kutumika kwingine. Ofisi ilikuwa ghorofani, hatua chache kutoka barabara ya Kenyatta. Mapema miaka ya 1990 kazi iliyotulisha ilikuwa kuchora ramani za kugawa mashamba. Mashamba makubwa ya walowezi huko Njoro, Bahati, Rongai na Subukia yalikuwa yamenunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika baada ya Uhuru. Watu walichanga hisa, wakahamia, wakalima, wakazeeka, na wengi walikuwa bado hawajapata taito. Baada ya mapigano ya Molo ya 1992, kiu ya karatasi ilizidi. Wazee walifika kabla hatujafungua mlango, risiti za hisa zimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, wakitaka waoneshwe ploti zao kwa kidole.

Kwenye kompyuta ramani haikuwa na unene wa mistari, ilikuwa na rangi tu. Ukiamuru programu ya AutoCAD ya wakati ule ichore, ilikuletea jedwali: rangi hii itachorwa na kalamu namba ngapi, kwa mstari wa aina gani, kwa kasi gani. Jedwali letu lilibandikwa ukutani. Nyekundu, kalamu ya kwanza, milimita 0.5, mpaka wa shamba zima. Njano, kalamu ya pili, 0.25, mipaka ya ploti. Kijani, 0.35, namba za ploti. Samawati, 0.18, gridi na mikondo ya maji. Wino wote ulikuwa mweusi. Rangi za kwenye skrini zilikuwa za kututambulisha kalamu, basi.

Plota yenyewe haikujua rangi wala ramani. Kilichopita kwenye waya kilikuwa herufi na tarakimu: SP1, chukua kalamu ya kwanza, PU, inua, PD, shusha, VS10, tembea sentimita 10 kwa sekunde. Kipimo chake kidogo kabisa kilikuwa sehemu ya 40 ya milimita moja. Kalamu ilikwenda kushoto na kulia, na magurudumu yenye ngozi ya msasa yakaivuta karatasi mbele na nyuma chini yake. Ukiweka kalamu ya 0.7 katika nafasi ya pili, mashine haitauliza. Itachora mipaka yote ya ploti kwa 0.7, kwa usahihi uleule.

Na hapo ndipo ilipokuwa hatari. Ramani nyingi tulizichora kwa kipimo cha 1:2,500. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo kwa familia nyingi ndiyo ilikuwa mali yote, huwa na milimita 6 kwa 12 hivi kwenye karatasi. Mstari wa 0.5 kwa kipimo hicho hufunika mita 1.25 za ardhi. Ule wa 0.25 hufunika sentimita 62 na nusu. Kamati moja ya shamba ilitusihi tunenepeshe mistari ya ploti ili ramani ionekane yenye nguvu mbele ya wanachama. Bosi wetu, mpimaji wa siku nyingi, alikataa. Aliwaambia kila unene wanaouomba utatoka kwenye shamba la mtu.

Namkumbuka mzee mmoja wa Bahati aliyeinama juu ya filamu, ile karatasi ya plastiki tuliyochorea, koti lake zito limemfika magotini, akaniuliza, "Mwanangu, hii laini nyeusi ni yangu au ni ya jirani?"

Nilimjibu nilivyofundishwa: "Mzee, mpaka uko katikati ya laini. Nusu iko kwako, nusu iko kwake. Lakini mpaka wenyewe ni bikoni zilizoko shambani."

Alitazama muda mrefu. "Basi ichoreni nyembamba," akasema. Sijasikia maelezo bora ya kazi ile kutoka kwa mtu yeyote, hata kutoka kwa wahandisi.

Nyembamba, hata hivyo, ilikuwa na adui zake. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Januari na Machi hewa ni kavu na upepo hauachi vumbi litulie. Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilipokauka sana, unga mweupe wa magadi uliinuka ukaingia mpaka madirishani. Kalamu ya 0.18 ikiachwa bila kifuniko, wino ulikauka mdomoni na mstari ukatoka umekatika. Vumbi likiingia kwenye yale magurudumu, filamu huteleza kidogo sana, na mstari unaorudi haukutani na ule uliotangulia. Tulifunga madirisha, tukafuta filamu kwa spiriti, na kila kalamu tukaijaribu pembeni kwanza kabla ya kuiruhusu iguse mpaka wa mtu.

Kasi ndiyo iliyohitaji busara zaidi. Kalamu ya wino ikikimbia, inaacha wino hafifu. Kwa macho utauona mstari mzuri tu. Lakini nakala za wadau zilitolewa kwa mashine ya amonia, ambako mwanga hupita kwenye filamu na kuunguza kila pasipofunikwa na weusi wa kutosha. Mstari hafifu hupotea kabisa, na pamoja nao njia ya miguu ya kwenda mtoni. Kwa hiyo 0.18 tuliipa mwendo wa pole, 0.5 tukaiachia kidogo. Programu iliuliza pia upana wa ncha, ili ijue mistari ya kujaza mshale wa kaskazini iachane kiasi gani. Ukitaja upana uliozidi ule halisi, mshale hutoka na michirizi myeupe. Ukitaja uliopungua, kalamu hurudia palepale mpaka wino unafanya kidimbwi.

Stima ikipotea katikati ya ramani, tulianza upya. Hatukuunganisha. Filamu ilikuwa ghali, na kila tulipoitupa iliuma, lakini bosi hakukubali ramani yenye kiungo iende kwa wanachama, na nilimpenda kwa hilo.

Mwishoni mwa muongo huo zikaja mashine za kunyunyiza wino, ambazo hazina kalamu ya kubadilisha. Unene wa mstari ukawa namba ndani ya programu. Kazi iliharakika, na ninafurahi kwa ajili ya waliokuwa wakingoja. Ninachosikitikia ni kwamba vijana niliowafundisha baadaye walitumia unene uliokuja na programu, bila kuuliza ni ardhi kiasi gani unafunika.

Ramani zile bado ziko katika masanduku ya watu, kuanzia Rongai hadi Subukia. Mashamba mengi yalisajiliwa kwa sheria ya ardhi ya 1963, ambayo ilisema wazi kwamba, isipokuwa mpaka umethibitishwa rasmi kwenye daftari la usajili, ramani inaonesha takribani tu. Kwa hiyo wewe unayezozana na jirani juu ya mpaka, usiweke rula juu ya mstari wetu ukahesabu milimita. Tafuteni bikoni pamoja, mkiwa na mpimaji mwenye leseni na vipimo vya asili. Na ramani yenyewe ihifadhi kwa kuiviringisha, usiipige mikunjo, kwa maana mistari huharibika penye mkunjo.