Magunia ya Mbegu ya Darajani na Afya ya Damu

Abiria ashukaye melini katika bandari ya Malindi, Unguja, baada ya mwendo wa saa mbili hivi kutoka Dar es Salaam, hana haja ya kuuliza sana njia ya Darajani. Awafuate tu watu wenye vikapu. Soko hilo lilijengwa mwaka 1904, mahali ambapo zamani mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Daraja lililovuka maji hayo ndilo lililopapa mahali hapo jina lake. Maji yalikwisha kufukiwa na daraja halipo tena, lakini watu wa pande zote mbili wangali wakikutana hapo kutafuta kitoweo.

Wageni wengi huvutwa na karafuu, mdalasini na iliki. Mimi safari hii nilipita moja kwa moja hadi kwenye magunia ya mbegu: chooko za kijani, adesi nyekundu, kunde, mbaazi, dengu, ufuta, habasoda nyeusi kama makaa, na uwatu wenye rangi ya manjano na harufu kali isiyosahaulika. Nilikuwa na sababu. Kisukari na maradhi ya moyo, yaliyodhaniwa zamani kuwa ni ya matajiri, leo yanawapata makarani, madereva na mama lishe, na kila mwenye ndugu mgonjwa amekwisha kuambiwa habari ya mbegu fulani inayoponya.

"Shikamoo mzee. Huu uwatu wanaununua akina nani?" nilimwuliza muuzaji mmoja mwenye kofia ya kiua.

"Marahaba, mwanangu. Wengine wanamnunulia mzazi, apate maziwa. Wengine wanautia katika achari. Lakini siku hizi wengi wanautaka kwa ajili ya sukari. Yupo aliyekuja kuniambia ameacha vidonge, anakunywa maji ya uwatu tu. Nikamwambia, bwana, mimi muuza duka, si daktari."

Maneno ya mzee huyo yanastahili kupimwa vizuri, kwa kuwa ndani yake mna ukweli na mna hatari.

SIRI YA UTELEZI

Ukiloweka uwatu usiku kucha, asubuhi utakuta maji yamekuwa mazito na yenye utelezi. Utelezi huo ni aina ya makapi-mlo yanayoyeyuka majini. Ukifika tumboni hukifanya chakula kiwe kizito, hivyo wanga husagwa polepole na sukari huingia katika damu kidogo kidogo badala ya kufurika mara moja.

Utelezi huo hufanya kazi ya pili, nayo inahusu lehemu, yaani yale mafuta ya damu ambayo madaktari huyaita kolesteroli. Ini hutumia lehemu kutengenezea nyongo. Nyongo humwagwa utumboni kusaidia kusaga mafuta, kisha sehemu yake kubwa hufyonzwa na kurudi inini. Makapi-mlo haya hunasa sehemu ya nyongo hiyo na kutoka nayo chooni. Ini likiona upungufu, hulazimika kuchota lehemu nyingine katika damu ili litengeneze nyongo mpya. Ndivyo lehemu ya damu inavyopungua.

Chooko, adesi, kunde, mbaazi na maharage hazina utelezi mwingi kama uwatu, lakini nazo zina makapi-mlo hayo, na wanga wake umefungwa ndani ya kuta ngumu ambazo tumbo huchelewa kuzibomoa. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake, huko Toronto, Kanada, walipima jinsi vyakula mbalimbali vinavyopandisha sukari ya damu, na mazao ya jamii ya kunde yakaonekana kuipandisha kidogo kuliko mkate.

Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walijumlisha majaribio 26 yaliyohusu watu zaidi ya 1,000. Waliokula takriban gramu 130 za mazao hayo kwa siku, yaani kama robo tatu ya kikombe yakiwa yamepikwa, walipunguza lehemu mbaya kwa asilimia 5 hivi. Si muujiza, lakini ni faida ipatikanayo jikoni.

Na uwatu je? Mwaka 1990 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Lishe ya Hyderabad, India, waliwapa wagonjwa wachache wa kisukari unga wa uwatu uliokamuliwa mafuta. Sukari na lehemu zilishuka. Lakini jaribio lilikuwa la siku 10 tu, na kila mgonjwa alikula gramu 100 kwa siku. Kiasi hicho hakifanani hata kidogo na kijiko kimoja kinacholowekwa katika bilauri.

SAHANI YETU

Hatua chache kutoka kwenye magunia hayo utakuta mbegu zile zile zikiwa zimegeuzwa. Mbaazi zinaogelea katika tui zito, na pembeni yapo maandazi. Ufuta na njugu zimeshikanishwa kwa sukari zikawa kashata. Ubuyu umevikwa sukari nyekundu. Mafuta ya nazi yana tabia ya kupandisha lehemu, na sukari haihitaji maelezo. Anayedai kuwa amekula ufuta kwa ajili ya afya, kumbe amekula kashata, anajidanganya mwenyewe.

Mama wa nyumbani hana haja ya kuitupa mbaazi ya nazi. Atumie tui jepesi, apunguze chumvi, na sahani ya wali aipunguze nusu, nafasi hiyo ijazwe chooko au kunde. Faida kubwa ya mbegu hizi hupatikana zinapochukua nafasi ya wali mweupe, mkate mweupe na chipsi. Zikiongezwa juu ya sahani iliyokwisha kujaa, zinazidisha shibe tu. Chooko na adesi huiva upesi. Maharage makavu yalowekwe usiku na kuchemshwa sawasawa, nayo yatapunguza gharama ya mkaa.

TAHADHARI

Sasa turudi kwa yule mteja aliyeacha vidonge. Mgonjwa ambaye kongosho lake halitengenezi insulini hawezi kuishi kwa uwatu, hata ale gunia zima. Na mwenye kutumia vidonge au sindano akiongeza uwatu mwingi bila kumwambia daktari, sukari yake yaweza kushuka kupita kiasi: atetemeke, atoke jasho, hata azirai. Mama mjamzito naye asiutumie kama dawa. Mgonjwa wa figo aulize kwanza, maana mbegu nyingi zina madini ambayo yeye hushauriwa kuyapunguza.

Muuzaji yule alinipimia nusu kilo ya chooko na robo ya adesi. Nilipomwuliza yeye mwenyewe ana sukari, alicheka, akatoa mfukoni kadi yake ya kliniki.

"Ninayo mwaka wa tisa sasa," alisema. "Asubuhi kidonge, mchana chooko. Vyote viwili, mwanangu."