Komba Mdogo wa Rondo

Kwetu Mtama, komba alikuwa komba tu. Tulimjua kwa tembo: mgema akipanda mnazi na kukuta kibuyu kimenywewa, mshitakiwa alikuwa huyo huyo, na hakuna aliyeuliza ni komba yupi.

Nilianza kuwatofautisha nilipokuwa nikipanda nyanda za juu za Rondo, mkoani Lindi, wakati wa likizo, kwa mjomba aliyekuwa kibarua kwenye shamba la misaji. Msitu wa asili haukuwa mbali na nyumba, ingawa mivule yake mikubwa ilikwisha kukatwa sana baada ya Vita Kuu ya Pili. Usiku, milio ilikuwa miwili. Mmoja mkali, wa juu mitini, kama kilio cha mtoto. Mwingine mdogo, wa chini vichakani, ukijirudia.

“Huyo wa chini hanywi tembo, mjomba,” aliniambia. “Anakula wadudu.”

Miaka ya 1990 watafiti kutoka Uingereza, Simon Bearder na Paul Honess, walimtangaza huyo wa chini kuwa spishi ya peke yake, wakampa jina la Rondo. Ana uzito wa gramu 60 hivi, na mkia uliotuna manyoya. Komba wadogo wanafanana mno kwa rangi na umbo. Wao wenyewe hutambuana gizani kwa sauti, kwa hiyo watafiti nao waliingia msituni na vinasa sauti. Kwa njia hiyo mtafiti Andrew Perkin na wenzake wakamfuatilia hadi Litipo, karibu na Ziwa Rutamba, na mbali zaidi hadi Pugu na Pande, nje kidogo ya Dar es Salaam. Kila mahali ni kipande kidogo cha msitu kilichozungukwa na mashamba. Mwaka 2008 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, likamweka katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka.

Nilifurahi sana kusikia kwamba huyo wa chini ametambuliwa. Alichokijua mjomba kwa sikio kilikuwa elimu, ila hakuna aliyekuja kumwuliza.

Siku hizi ufuta una bei, na watu wanasogea msituni kuulima. Komba huyu huruka kutoka shina hadi shina karibu na ardhi. Vichaka vikifyekwa, miti mirefu iliyobaki haimfai kitu. Ndugu zangu mnaolima kandokando ya Rondo na Litipo, mnapochoma mashamba lindeni moto usivuke mpaka, na vichaka vya ukingoni viacheni.