Barua Zilizofika Kwenye Nyumba Tupu



Barua pepe irudiyo kwa mwandishi wake haitutii wasiwasi mkubwa, kwani huja na sababu. Nambari ya jibu ikianza na 4, kama 451, zuio ni la muda, na seva huendelea kujaribu, aghalabu kwa siku nne au tano, kabla ya kukata tamaa. Ikianza na 5, kama 550, imekataliwa kabisa; mara nyingi ni herufi moja tu ya anwani iliyokosewa. Inayovunja undugu ni ile iendayo kimya, isifike wala isirudi.

Mwaka 2023 jumuiya yetu ilihamisha barua zake kutoka kampuni moja hadi nyingine. Hazikupita siku nyingi, nyumba moja iliandika kuomba hitima ya mama yao itangazwe. Haikutangazwa. Wakaandika tena, kimya. Barua za watu wengine zilikuwa zikitufikia kila siku, kwa hiyo wao wakaona wametengwa makusudi, na salamu zikawa za shingo upande.

Tulipokwenda kuwatazama ndipo walipotuuliza tumewakosea nini. Kijana wao akatuma barua tatu mbele yetu, kila moja kutoka anwani ya kampuni tofauti. Mbili zikafika papo hapo. Ya tatu, iliyotoka kwenye kampuni ile ile tuliyoihama, haikuonekana.

Hapo mwanga ulianza kupatikana. Kwa kawaida jina lifuatalo alama ya @ huwa na rekodi iitwayo MX katika daftari la majina la intaneti, nayo hutaja seva ipokeayo barua za jina hilo. Rekodi yetu ilikuwa sahihi, na karani wa kampuni ya zamani hakuchoka kutukumbusha hivyo. Lakini seva yake haikulifungua daftari hilo hata mara moja! Katika orodha yake ya ndani jina letu lilikuwa bado limo, basi kila barua ya wateja wake kuja kwetu iliiweka humo humo, katika sanduku letu la zamani, ikamjibu mtumaji kuwa imepokewa.

Tulilifungua sanduku hilo kwa neno la siri la zamani, tukakuta barua 19. Juu ya kila barua pepe huwamo mistari ya Received, ambayo kila seva huongeza wake juu ya uliotangulia, hivyo husomwa kutoka chini kwenda juu. Hizi hazikuwa na mstari hata mmoja wa seva ya nje, hazikutoka uani.

Tuliitaka kampuni ilifute jina letu katika orodha yake. Ikachukua siku mbili. Zile barua 19 tulizichapa na kuzijibu moja moja, tukianza na ile ya hitima, iliyosomwa Ijumaa iliyofuata.